Uji wa Kutoka Miono

Rafiki yangu alianguka asubuhi akianika nguo. Tulikuwa tunagombana kama kawaida yetu, maana kamba ya kuanikia ilikuwa moja kwa nyumba zetu mbili, na yeye aliitawala kama ya urithi. Akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia kinamgonga kwa choyo. Akakaa juu ya beseni la mashuka mabichi na hakunijibu tena.

Hospitali walihangaika naye, siwezi kuwalaumu. Mimi nilibaki kwenye korido nimeshika kandambili zake, sijui kwa nini nilizibeba. Kabla ya adhuhuri daktari akatoka, akasema mshipa umepasuka kichwani, na kwamba amefariki. Mumewe akanigeukia. "Amesemaje?" Ikabidi nimwambie mimi, kwa maneno yaleyale.

Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, nafundisha shule hapa Bagamoyo. Kwetu maiti husubiri watu hadi wa mwisho ashuke kwenye basi. Hapa mwenzangu angezikwa siku hiyohiyo, baada ya swala ya laasiri. Ndugu wa mjini walishajaa uani. Aliyekuwa bado hajui ni mama yake mzazi, anayekaa peke yake Miono, huko mashambani.

Baba mkubwa wa mumewe ndiye aliyempigia. Aliweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Dada, mwanetu anaumwa. Amezidiwa kidogo. Ukipata usafiri, njoo leo."

"Anakula?" mama akauliza.

Mzee akasita. "Labda uji."

"Basi ngoja nitwange mchele nimpikie. Uji wa unga wa dukani haupendi."

Nilimtazama yule mzee nikitaka aseme neno jingine. Alikata simu, akajifuta uso kwa kofia yake.

"Mtu mzima haambiwi msiba kwenye simu, mwalimu," akaniambia. "Akianguka kule peke yake, nani atamwokota?"

"Na asipowahi kumwona?"

"Akifika kabla ya laasiri atamwona."

Nilikasirika, na sikuwa na pa kuipeleka hasira yangu, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Wanawake wa ukoo waliingia ndani kumwosha. Mimi, nisiyejua taratibu zao, nilibaki nje nikichota maji, ndoo baada ya ndoo, hata walipokuwa na ya kutosha. Mwishowe nikajificha nyuma ya choo nikampigia mama kule Miono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilikuwa na sentensi nzima kinywani. Nikamwona akilini amesimama peke yake jikoni, mwiko mkononi. "Mama, fanya haraka," nikasema.

Akacheka. "Wewe mwalimu na haraka zako. Uji ndio unachemka. Bado kutia tangawizi."

Alipofika, adhana ya laasiri ilikuwa imeshapita. Mimi ndiye niliyetumwa kumpokea stendi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Alishuka amejifunga kanga mpya, chupa kubwa ya chai aliyotia uji ameipakata kama mtoto, huku akinisimulia jinsi bodaboda iliyombeba ilivyopata pancha kabla hajafika barabara kubwa. Tukaingia kwenye bajaji. Alizungumza mpaka dereva alipokata kona.

"Hospitali si huku," akasema.

"Tunapitia nyumbani kwanza, mama."

Maneno hayo hakuna mtu mzima wa pwani hii asiyejua maana yake. Naye nadhani alishawahi kuwaambia wengine, njiani, kwa sauti ya upole kama niliyojitahidi kuitoa mimi.

"Wameshamtoa?" akauliza baadaye.

"Bado," nikasema. Sikuwa na hakika.

Tulikutana nao kabla ya kufika. Dereva aliwaona mbele yangu, akasogea pembeni, akazima injini na kuvua kofia. Wanaume walikuwa wanakuja wengi, mwendo wa haraka, wakipokezana jeneza mabegani. Mumewe alikuwa mbele, macho chini. Hakuna aliyejua nani yumo ndani ya bajaji hiyo. Mwenzangu alipita hapo karibu kabisa, amefunikwa kitambaa cha kijani, na ningenyoosha mkono ningekigusa.

Nikafungua mdomo niwaite wasimame. Mama akanishika mkono.

"Waache waende naye," akasema. "Wamempokea vizuri. Tazama walivyo wengi."

Wakapita. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo tulibaki tumekaa tukiwatazama migongo, hadi dereva alipowasha injini bila kuambiwa. Sijawahi kujiona sina maana kama pale, mtu mzima, mwalimu, nimeketi tu.

Nyumbani walimpokea kwa kilio, naye akalia pamoja nao, kilio kirefu ambacho sitakisahau. Baba mkubwa aliporudi kutoka mazikoni alikuja kumwomba radhi. Mama akamwambia hata yeye angefanya hivyohivyo.

Jioni nilikwenda uani kutoa mashuka yaliyobaki kwenye beseni. Yalikuwa yameanza kunuka. Nikayasuuza upya, nikayaanika, kamba yote nikiwa nayo peke yangu. Mama akatoka na chupa yake na kikombe, akakaa kwenye kizingiti. Alifungua kifuniko, na mvuke ukatoka.

"Umekula tangu asubuhi?"

"Hapana, mama."

Akamimina. Nilijaribu kukataa, nikasema anywe yeye. Akakishikilia kikombe mbele yangu mpaka nikakipokea.

"Kunywa kidogo kidogo," akasema. "Mgonjwa hanywi kwa pupa."

Nikanywa. Akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama tangawizi imezidi.