Miguu Isiyopauka

Mimi nina hasira. Waulize pale Mwanjelwa ninapouza mitumba, watakuambia kabla hujamaliza swali. Lakini nikikumbuka mwaka ule mwanangu alipojifunza balei, hasira yenyewe huja imefunikwa na ukungu, kama milima ya kwetu asubuhi za Juni. Unajua ipo, ila huioni mwisho wake.

Balei ni ile densi ya kusimama kwenye ncha za vidole. Mbeya aliileta dada mmoja wa rika langu, aliyejifunzia Dar es Salaam kisha akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Akaazima ukumbi wa kanisa Jumamosi mchana, akakusanya watoto. Hapakuwa na vioo wala vyuma vya kushikia, watoto walishika migongo ya mabenchi. Sakafu ilikuwa saruji iliyochakaa, yenye vumbi lisiloisha hata ukifagia. Nguo zao nilizitoa mimi kwenye belo la mitumba: nguo za kuogelea za watoto, ambazo kwetu hazina mnunuzi. Nani ataogelea kwenye baridi ile?

Nilikuwa nafunga meza yangu mapema, naenda kusimama mlangoni. Siku nyingine ukungu uliingia ukumbini taratibu kama muumini aliyechelewa ibada, ukalala sakafuni, na watoto wakawa hawana miguu. Vichwa vinapanda, vinashuka. Mikono inafunguka kwa pamoja. Mwalimu anahesabu kwa sauti ya chini kana kwamba ndani kuna mgonjwa amelala. Mtoto huyu nilimzaa mara tu baada ya mtihani wa kidato cha nne, na tangu siku hiyo watu hawajachoka kunieleza kwamba nilijiharibia. Pale mlangoni sikuwa nimeharibika popote. Nilikuwa naota nimesimama.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Akisubiri ugali uive, visigino vimegusana, magoti yanakunjwa na kunyooka. Akitumwa maji, anarudi na ndoo kichwani kwa ncha za vidole, na haimwagiki. Baba yake, aliye machimboni Chunya, aliniuliza kwenye simu kama kucheza nako ni kazi. Nikamuuliza kama kuchimba mashimo nako ni kazi. Akacheka. Ndiyo ndoa yetu.

Kisha mwalimu akaniita pembeni. Kuna shule ya sanaa ya bweni Dar, akasema, inayowalea watoto mpaka wawe wachezaji wa kulipwa. Wasaili wake wanakuja Iringa kuchagua wachache. Akikosa mara hii basi, maana umri ukizidi viungo vinakaza na hawamchukui tena. Na yeye mwenyewe alikuwa anaondoka, mama yake keshazikwa. Akaniagiza nimpeleke peku, miguu wazi mpaka mapajani, kwa kuwa wanachotaka kuona ni miguu.

Iringa tulifikia kwa mama mkwe wangu. Ni mwanakwaya wa Kilutheri, mtu wa kauli fupi, na mimi na yeye hatujawahi kupendana sana. Tulisalimiana kamwene, kwa Kihehe chake, tukala, tukalala. Asubuhi upepo ulikuwa unachana midomo. Nikaenda bombani, na niliporudi nikamkuta mtoto ameshavaa suruali ya michezo na soksi, yuko tayari. Bibi naye yuko tayari, kitenge cha kanisani kiunoni. Nikamwambia si lazima aje. Akatangulia mlangoni.

Ukumbi ulikuwa mpana, sakafu nyeusi iliyopigwa polishi mpaka madirisha yanaonekana ndani yake. Wasaili nyuma ya meza, sisi wazazi kwenye mabenchi ya ukutani. Mwanangu alipoitwa, akavua suruali na soksi, akaenda katikati, pale jua lilipokuwa limeanguka. Miguu yake ikang'aa. Nilidhani ni jua, wallahi. Muziki ukaanza, akanyoosha mkono, na mimi nikarudi mlangoni pa kanisa letu, kwenye ukungu.

Alipofika kwenye mzunguko, mguu ukamtoroka. Alianguka kwa nyonga. Ule mlio bado ninao sikioni.

Mama mmoja kwenye benchi letu akacheka. "Huyu wa Mbeya anateleza kama kambale," akamwambia jirani yake. Msaili mmoja akaandika kitu, akafunga kalamu. Pale mtoto alipoanguka pakabaki alama inayong'aa, na nilipovuta pumzi nikaisikia harufu yenyewe, ikitoka kwenye mikono ya mama mkwe kando yangu. Mafuta ya mgando.

"Mama, umempaka nini mwanangu?"

"Mafuta."

"Miguuni? Leo?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunasalimiana. "Nimwache aende mbele za watu amepauka? Watasema hana bibi."

Maneno niliyokuwa nayo mdomoni hayarudishwi yakishatoka. Nilikuwa nimeyapanga tayari, na la kwanza lilikuwa baya kuliko yote. Ila mtoto alikuwa ameshasimama. Akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Naomba kutoka nje."

Msaili mwenye miwani akadhani anakwenda kulia, akamruhusu kwa kichwa. Nikasogea dirishani. Nje mafundi walikuwa wamemwaga kifusi cha udongo mwekundu. Mwanangu akaingia ndani yake kwa miguu yote miwili, akasugua nyayo, akasugua visigino, akachota kwa viganja na kusugua mpaka magotini, bila haraka. Hakulia. Akajikung'uta, akarudi.

"Naomba nirudie."

Yule wa miwani akaangalia sakafu yake nyeusi, akaangalia ile miguu. "Haya," akasema.

Sijui nisimulie vipi kilichofuata. Muziki ulikuwa ule ule. Kila alipokanyaga aliacha wekundu, na wekundu ukawa njia, njia ikapinda, ikaenda mpaka dirishani na kurudi, mwanangu akiwa juu yake kama haigusi. Alipofika kwenye mzunguko nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshamaliza, amesimama, anahema, vumbi linaelea kwenye jua.

Yule wa miwani akatoka nyuma ya meza. Hakumwangalia mtoto, aliinamia sakafu. Pale alipozunguka palikuwa na alama moja tu, duara dogo kama kifungo cha koti.

"Hajahama," akamwambia mwenzake. "Njoo uone. Hajahama hata kidogo."

Mama mkwe wangu akamwinamia yule mama aliyecheka, akasema kwa upole wa kanisani, "Kambale wa Mbeya, dada. Bibi yake ni wa Iringa."

Sikumwomba radhi kwa yale niliyotaka kumwambia. Na yeye hakuniomba. Mpaka leo.

Habari kwamba amechaguliwa zilinikuta Mwanjelwa nikifungua belo, nikamgombeza mteja aliyekuwa anachambua sketi, wala hakuwa amenikosea. Nilitaka achukuliwe. Sikutaka aende. Hayo mawili hayakai kifuani bila kupigana, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukimlea mtoto awe kitu, ndiyo unamfungulia mlango.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umefika dirishani. Alikaa kitandani, sanduku limefungwa, viatu viko chini vinamsubiri. Nikachukua mafuta ya mgando, nikapiga magoti, nikaanza gotini kushuka.

"Mama, baada ya Iringa mwalimu alikataza mafuta."

"Siku ya kucheza. Leo unasafiri."

"Dar kuna joto. Huko watu hawapauki."

Najua kuna joto. Nikampaka taratibu, muundi, kisigino, katikati ya kila kidole, mpaka ile miguu ikang'aa kama siku ile. Naye akaniachia. Wasije wakasema hana mama.