Nyongeza ya Mama

Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, hapo Kisumu Ndogo, na hakuna mteja aliyewahi kutoka mezani pake bila nyongeza. Ukishapimiwa mkebe wako, mkono wake unarudi kwenye rundo na kukumwagia konzi nzima juu. Muuzaji asiyekuongezea, Kibera tunajua hakupendi.

Uvimbe ukamtoka shingoni. Baada ya vipimo vingi madaktari wakasema ni saratani, lakini hapo shingoni ilihamia tu. Ilipoanzia hawakupaona. Woi, nilifoka! Mashine kubwa hivyo na hamwoni? Daktari akanivumilia. Dawa, akaeleza, huchaguliwa kwa kufuata ilipoanzia. Wasipopajua, watampa ya jumla na kumwomba Mungu. Ila kulikuwa na utafiti. Wangekata kipande kingine cha uvimbe, wakichunguze kwa undani, pengine pajulikane.

Mama akakataa katakata. "Kwetu mtu huzikwa mzima. Nyama yangu ibaki Nairobi ikifanya nini?"

Mimi nashona nguo mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Kila jioni nilifunga cherehani nikaenda kumbembeleza. Nilitaka aishi, basi. Siku moja, akichambua omena, akasema bila kuniangalia, "Wewe mtoto una kichwa ngumu kama babako. Haya, twende."

Kitandani akamwambia daktari, "Kata. Na nyongeza uchukue kabisa, usije ukarudi kuniomba." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Jibu halikupatikana. Dawa ya jumla ilimfikisha Krismasi, akala chapati na sisi, kisha ikashindwa. Tulimzika nyumbani, magharibi, kando ya mamake.

Juzi daktari alinipigia simu. Kile kipande bado kipo, na sasa kuna njia mpya ya kukipima; je, naruhusu? Huenda kikamsaidia mama wa mtu mwingine. Nikasema endeleeni. Nilitaka pia kumuuliza kama mahali kilipowekwa kuna baridi, lakini nikaona aibu. Aki nimemkosa mama yangu.

Jioni nikapita Kisumu Ndogo. Mezani pake kuna msichana mgeni, mpole tu. Akanipimia mkebe, akausawazisha kwa kiganja, akanifungia kwenye gazeti. Nikapokea, nikabaki nimesimama.

"Kuna kingine, anti?"

"Hapana," nikasema, na sikuondoka.