Nguo za Watu Humu Ndani

Dobi alikuwa ananyoosha kola ya shati jeupe shemeji yake alipoingia bila hodi na kuutua mkoba wake juu ya shuka lililokwisha kupigwa pasi. Huyo shemeji, mdogo wa mkewe, ni wakala wa bima, na mtaa mzima humwita Mkoba.

"Fomu nimeshaijaza, shemeji. Wewe saini tu. Dada amenipa habari zote."

"Kwani dada yako ndiye dobi siku hizi?"

"Usianze."

Hawa wawili hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Siku ya harusi Mkoba aliwaambia wageni kwamba dada yake ameolewa na jasho la watu wengine. Dobi alisikia, na miaka kumi na minane baadaye bado anasikia.

Lakini safari hii bima aliitaka. Mwezi uliopita maranda ya seremala jirani yalishika moto, na kati ya vyumba vyao kuna ukuta wa mbao tu. Dobi mwenyewe aliuzima kwa mabeseni mawili ya maji ya sabuni. Tangu hapo kila akinusa moshi, huacha pasi na kwenda kupapasa ule ukuta.

Akaweka pasi pembeni, akafuta vidole, akaanza kusoma mstari kwa mstari.

"Vioo vya maonyesho. Vioo gani? Dirisha langu la mbao."

"Ni kifurushi. Hakinyofolewi."

"Bango la taa?"

"Utaweka siku moja."

"Bima ya maisha."

"Hiyo ya dada. Ukifa asihangaike."

"Kumbe na kufa kwangu mmeshakupanga. Na nguo je?"

"Zimo! Si ziko humu humu ndani?"

Dobi akafungua ukurasa wa tatu, wenye herufi ndogo kama sisimizi. Kinacholindwa: mali ya mwenye bima. Akainua macho kwenye kamba. Suti, sare, magauni, na shela ya bibi harusi wa Jumamosi. Humo ndani nguo yake ilikuwa ile aliyovaa.

"Changu hapa ni meza, pasi mbili na mabeseni," alisema. "Vikiungua nitanunua vingine. Hizi zikiungua, nihame mtaa. Nitafutie ya kulinda mali ya wateja."

Mkoba akakunja uso. "Ipo, lakini ina usumbufu, na mimi sipati kitu cha maana. Inataka orodha. Orodha yako iko wapi?"

Dobi akageuza kola ya shati. Ndani palikuwa na mishono mitatu myekundu. "Mwalimu." Akageuza nyingine, miwili ya bluu na mmoja wa njano. "Muuguzi. Kila mteja na uzi wake. Sijawahi kupoteza hata soksi."

Mkoba alicheka hadi akashika meza. "Kwa hiyo nguo zikiungua utatuletea majivu mekundu na majivu ya bluu?"

Dobi aliutazama ule uzi. Miaka yote hiyo alama zake zilikaa ndani ya nguo zenyewe, na hakuwahi kuliona hilo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyemwonyesha ni huyu.

Akatoka, akarudi na daftari jipya kutoka dukani. Akarejea ukurasa wa tatu, akaweka kidole kwenye masharti ya mali ya wateja.

"Wakala ahakiki mali na kusaini kila ukurasa wa orodha. Vua koti, shemeji."

"Sasa hivi? Nina wateja wananisubiri!"

"Hata mimi ni mteja. Au nipeleke ofisini kwenu ile fomu yenye vioo, wakuulize uliviona wapi?"

Mkoba akavua koti. Alitaja, dobi akaandika, na jioni daftari lingelala nyumbani, mbali na moto wa seremala.

"Suruali mbili, uzi mweusi. Chupi..." Aliishika kwa ncha za vidole. "Chupi nne."

"Za nani? Geuza uone uzi."

Akageuza, meno ameyauma. Kipande cha mwisho, cha tisini na saba, kilikuwa mezani chini ya mkoba wake.

"Shuka moja, safi."

Dobi akauondoa mkoba. Alama ya vumbi ilikuwa pale, pembe zote nne.

"Chafu," akasema, akiandika. "Saini. Halafu beseni lile pale, ukalifue hilo shuka."