Kadi Isiyo na Sura

Bibi wa msichana mmoja wa darasa letu alitupatia muda hadi Novemba. Alikuwa anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, na Januari alipokuja shuleni hakutaka hata kukaa.

"Huu ni mwaka wa tatu mjukuu wangu yuko kwenu," alisema. "Haongei, haniangalii. Novemba akiwa bado hivi, nampeleka kwa ndugu zake Ukerewe wamwangalie kwa njia zao. Shule basi."

Msichana huyo alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na wiki mbili kazini. Nilimjibu, "Tutajitahidi, bibi," halafu nikashinda siku nzima nikijiuliza kama nilikuwa nimetoa ahadi au nimeomba msamaha mapema.

Darasa letu lilikuwa chumba cha mwisho cha shule ya msingi, Buswelu, na lilikuwa na watoto kumi na mmoja, wengi wao wenye usonji. Ukutani kulikuwa na ubao wenye pande mbili: kushoto picha ya nyumba, kulia picha ya darasa. Mtoto akifika anabandua kadi yenye picha yake upande wa nyumba, anaibandika upande wa darasa. Mchana anairudisha. Kwa asiyetumia maneno, hiyo ndiyo salamu na ndiyo mahudhurio.

Wiki yangu ya kwanza kazini niliwapiga watoto wote picha mpya, kwa sababu walikuwa wamekua, nikabadilisha kadi. Za zamani nilizitia kwenye boksi. Chini kabisa ya ubao, upande wa dirishani, ilibaki kadi moja nyeupe tupu. Nilidhani ni ya akiba, nikaiacha.

Kufikia Machi, yule msichana alikuwa anavuka mlango bila kushikwa mkono. Mei alianza kwenda chooni mwenyewe. Juni alisema "uji", neno lake la kwanza, na mpishi alilia kidogo nyuma ya sufuria. Yote hayo niliyaandika. Jambo moja sikuliandika. Kila asubuhi, akishahamisha kadi yake, aliinama akahamisha na ile nyeupe.

Kisha akaanza kuacha nafasi mkekani, kulia kwake. Wenzake hawakuikalia. Walipokuwa wakienda kunawa walipita pembeni ya nafasi hiyo, hata yule mwenzao anayekanyaga kila kitu. Agosti aligusa mkono wa mpishi, akaonyesha nafasi ile, akasema, "Uji."

Mpishi alimimina kikombe cha kumi na mbili. "Namimina tu," aliniambia. "Sitaki maneno na mtu nisiyemwona."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kama kuna mtoto aliyewahi kuondoka pale.

"Watoto wanaondoka kila mwaka, mwalimu."

"Namaanisha kuondoka kabisa."

Alinitazama. "Wewe unafikiri mpaka uji unapoa. Kunywa."

Hilo halikuwa jibu, na sikuthubutu kuuliza tena. Niliitazama kadi ile nikiwa mbali. Mwanga ukiipiga, niliona kitu kama duara la kichwa. Nikajiambia kuna mtoto amekufa na hakuna aliyetaka kumwambia mwalimu mgeni.

Oktoba habari za kikombe zilifika Mwaloni. Bibi alituma ujumbe: "Nasikia anakula na wafu. Ijumaa nakuja." Basi Jumatatu, kabla watoto hawajafika, niliitoa kadi ile nikaifungia kwenye droo. Niliona nimefanya jambo la busara.

Msichana alihamisha kadi yake. Akainama. Alipapasa pale palipokuwa patupu, taratibu, kama mtu anayemgusa aliyelala. Kisha akairudisha kadi yake upande wa nyumba, akatoka, akaenda kukaa getini. Hakulia. Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, na Jumatano. Hakusema "uji". Alijikojolea. Miezi tisa ya kazi yetu ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, na siku mbili zilikuwa zimebaki.

Alhamisi nilifungua droo. Kwa mara ya kwanza niliigeuza kadi ile. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amechora alama ya kila mtoto nyuma ya kadi yake, ile ile iliyo kwenye kiti chake. Nyuma ya hii kulikuwa na jagi la bluu. Kiti chenye jagi la bluu kilikuwa cha yule msichana.

Ilikuwa kadi yake ya zamani. Jua lilikuwa limeula uso. Nilimpa sura mpya, na sikumwonyesha yule wa kwanza amekwenda wapi, kwa hiyo kila siku alimchukua nyumbani, akamleta shule, akamtafutia pa kukaa na cha kunywa.

Sikuirudisha ubaoni, nikitaka bibi aione kwanza, na Ijumaa alifika. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Nilimweleza yote, haraka mno, nikidhani nampa nafuu. Aliishika kadi kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo anayemlisha ni yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hiyo si ndiyo mbaya zaidi?"

Nilitazama dirishani. Nje, mbali juu ya ziwa, wingu la wadudu lilisimama kama moshi usioenda popote. Msichana aliingia kutoka getini, akaiona kadi, akaja moja kwa moja. Aliutazama uso wa bibi yake, muda mrefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akavikunja vidole vya bibi juu ya kadi.

"Nyumbani," akasema.

Bibi alikaa chini, palepale mkekani. Aliifungua kanga yake kiunoni, akaifunga kadi humo kama anavyofunga vitu vyake.

"Huyu atashinda na mimi sokoni," alisema. "Huyo mwingine kaeni naye. Hata mwakani."

Jumatatu msichana alihamisha kadi moja. Alikaa katikati ya mkeka bila kuacha nafasi. Mpishi alileta vikombe kumi na viwili, kwa mazoea, akakiweka cha mwisho sakafuni. Sikumwambia akirudishe. Nilipoinuka kwenda ubaoni, nilikipitia pembeni.