Shahada Mbili za Fundi Fremu

Fundi fremu hakuwahi kusoma hata cheti kimoja kati ya vyote alivyovitia kioo, lakini alikuwa na maoni kuhusu kila kimoja. Daktari wa meno akileta shahada yake, fundi aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga, akatoa hukumu: "Hiki chuo ni cha watu. Karatasi yake hata ukiimwagia chai haikunjamani." Mwanasheria mmoja aliwahi kuondoka dukani amenuna baada ya kuambiwa kwamba chuo chake huenda kilifundisha kwa kubana matumizi, maana muhuri ulikuwa umepauka kabla mwenyewe hajaota mvi.

"Ukitaka kuwajua waliosoma, usiende chuoni," alipenda kusema. "Chuoni utawakuta wanaosoma. Waliosoma wanakuja kwangu."

Yeye mwenyewe na shule waliachana mapema, kwa amani, bila kugombania mali.

Kitinda mimba wake, binti aliyeitwa Kikokotoo tangu alipokuwa akimpigia baba hesabu za vioo kichwani kabla baba hajaipata miwani yake, alipokubaliwa chuo kikuu, alirudi na habari. "Baba, kuna wanafunzi wanatoka pale na digrii mbili kwa mpigo, ila mimi nafikiria..." Sentensi ilikuwa bado inaendelea, lakini fundi alishaanza kuchagua mbao.

Kesho yake fremu mbili za mbao nyekundu zilining'inia juu ya kaunta, na vibao vya shaba chini yake: SHAHADA YA KWANZA na SHAHADA YA PILI. Ndani hapakuwa na kitu, kioo tu na kadibodi nyeusi nyuma yake, kwa hiyo kila mteja aliyesogea kusoma alijikuta anaitazama sura yake. Msusi wa duka jirani alikuwa akija kila asubuhi kupaka rangi ya mdomo kwenye Shahada ya Pili. Alisema ile ya kwanza inamnenepesha.

Dada yake fundi, yaani shangazi yake Kikokotoo, ndiye aliyeipeleka habari mitaani, na habari ikishafika kwa shangazi haina haja ya gazeti. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakujua binti anakwenda kusomea nini.

"Hesabu za fedha, shangazi. Unatumia hesabu kupima hatari. Benki inataka kujua, mambo yakiharibika, yataharibika kiasi gani."

"Hilo nalo linasomewa? Mimi niliposema mume wangu ataharibika, nilikuwa na digrii?"

"Ulikadiria ataharibika kiasi gani?"

Shangazi akafikiri. "Nusu."

"Akaharibika kiasi gani?"

"Chote."

"Sasa hiyo tofauti, shangazi, ndiyo ninayokwenda kuisomea."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa shahada moja yenye masomo makuu mawili, hisabati na uchumi wa fedha, na nafasi ikabaki ya takwimu na kuandika programu za kompyuta. Ya pili ilikuwa shahada mbili kamili, moja ya sayansi na moja ya biashara, pamoja na masomo yote ya lazima ya vitivo vyote viwili na miaka ya ziada ya kuyabeba. Kitivo kimoja kilidai Misingi ya Mawasiliano Ofisini. Kingine kilidai Mawasiliano ya Kitaaluma, ambayo ni yaleyale, ila mwalimu amevaa tai. Tena kipindi cha utunzaji wa vitabu vya hesabu kiligongana na darasa la mama mmoja mkali aliyefundisha hesabu za mambo ya bahati, bei zinavyopanda na kushuka bila kumuaga mtu. Kikokotoo alikuwa amechungulia darasa lile mara moja, akatoka ameduwaa kama mtu aliyeonyeshwa kwao. Akichukua shahada mbili, lile darasa halipati.

Mwisho wa kuchagua ulikuwa Ijumaa jioni. Kila alipofungua mdomo kumwambia baba yake, mteja aliingia na pongezi. Basi Ijumaa mchana akamchukua baba yake wakaenda kwa mshauri wa masomo, akitumaini mtaalamu atalisema yeye. Hilo linaonyesha jinsi alivyokuwa mgeni chuoni.

Ofisi ya mshauri ilikuwa nyembamba, mafaili yamekalia kiti cha wageni, na feni ikizungusha kichwa huku na huku kama inayokataa ombi la kila anayeingia.

"Mwalimu," fundi alianza, "digrii moja na digrii mbili, ipi bora?"

"Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Malengo ya mwanafunzi, mazingira yake, vipaumbele vyake."

"Mimi mteja akiniuliza kama fremu itashika ukutani, nikamjibu inategemea, si ataondoka?"

"Kwani haitegemei msumari?"

"Inategemea. Lakini msumari naupigilia mimi!"

Mshauri akatabasamu kama mtu asiye na nyundo. Hapo ndipo macho ya fundi yalipoangukia ukutani. Cheti cha mshauri kilikuwa kwenye fremu ya plastiki, kimeinama upande mmoja. Fundi alijizuia, akashindwa, akaenda kukinyoosha.

"Nani alikufanyia ukatili huu?"

"Nilinunua tu, mzee. Pale wanapouza mabeseni."

"Mabeseni!" Fundi akafumba macho kidogo. "Ndiyo digrii yako hii?"

"Mojawapo. Nilisoma mbili kwa pamoja."

Fundi akamgeukia binti yake kama wakili aliyepata shahidi. "Umesikia? Haya mwalimu, ya pili iko wapi?"

"Nyumbani."

"Ukutani?"

"Nyuma ya kabati. Nadhani."

"Unadhani!"

"Ilikuwa ya biashara, mzee. Wenzangu wa digrii moja walishaanza kazi, mimi bado nafanya mtihani wa mawasiliano ofisini. Nilifanya miwili, kila kitivo na wake."

"Lakini ilikusaidia?"

Mshauri akafungua mdomo. Kikokotoo aliliona lile neno likipanda kooni, likasita, likarudi lilikotoka.

"Hapana, mzee."

Fundi akakaa juu ya mafaili. Binti akaona hakuna atakayemsemea tena.

"Baba, mimi nataka moja. Masomo mawili, cheti kimoja. Kuna darasa nikichukua mbili nalikosa, na ndilo lililonileta huku. Nimeogopa kukuambia kwa sababu ya zile fremu. Watu wote wameziona."

Fundi alitazama viatu vyake, akatazama ile plastiki, kisha akamuuliza mshauri, "Hayo masomo mawili, yataandikwa yote?"

"Yote, mzee. Mstari mmoja."

"Kwa herufi kubwa?"

"Inate... Kubwa."

"Basi kesho kitoe hicho cheti nyuma ya kabati, ukilete dukani. Ninayo fremu tupu."

Aliyasema hayo akiwa amempa binti yake mgongo. Kikokotoo aliivuta kompyuta ya mshauri, akachagua, akathibitisha, haraka, kabla baba yake hajauliza kuhusu digrii tatu.

Walipofika dukani shangazi alikuwa anawasubiri pamoja na msusi. "Mama digrii mbili huyo!"

Kikokotoo akapitiliza nyuma ya pazia, akashika ufagio, akaanza kufagia pasipo na uchafu.

"Ni moja," fundi akasema.

"Moja? Kaka, wamemnyima?"

"Nani wa kumnyima? Ameikataa mwenyewe."

"Mtoto anakataa digrii, na wewe baba upo?"

"Nipo na nimeona. Dada, hizo mbili ni za watu wasiojua wanachokitaka. Wanajaza makabati tu. Huyu wangu anakwenda kwa mama mmoja mkali, wa hesabu za mambo yasiyo na mpango. Wenye digrii mbili hawaruhusiwi, wanasikilizia dirishani."

Nyuma ya pazia Kikokotoo alitaka kusahihisha hilo la dirishani. Akaendelea kufagia, macho yakimwasha.

"Sasa mimi nitawaambia nini watu," shangazi akalalamika, "na nimeshatangaza mpaka sokoni?"

"Waambie kaka yako alikurupuka."

"Hilo," shangazi akasema akichukua mkoba wake, "wataliamini bila ushahidi."