Karanga za Yona

Harufu ya karanga zinazokaangwa ilitufikia kabla hatujakata kona ya kanisa, pale Ipagala. Ilikuwa miaka ile maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa sabuni na mafuta tuliyozoea kuyapangia foleni. Nyuma ya kanisa palikuwa na banda ambamo watu wazima wenye ulemavu wa akili walifundishwa kazi, na mama yangu alijitolea hapo. Likizo ile, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, nilimfuata. Kaka Yona, mmoja wao, wa miaka thelathini hivi, ndiye aliyenifundisha kuchambua karanga: mbovu huku, nzima kule, bila haraka, kila moja akiigeuza kwa kidole.

Mama alimwombea kazi katika duka la Bwana Lameki, nami nikawa namsindikiza kila asubuhi. Yona alivaa shati jeupe na kufunga vifungo vyote hadi shingoni. Wiki ya pili tulimkuta Lameki akichanganya karanga zilizoota ukungu na nzima. Yona akaanza kuzitoa, kama alivyofundishwa. Lameki akamzaba kofi mbele ya wateja, akamwita zezeta, na baadhi yao wakacheka. Nilimweleza mama. Akasema tuvumilie, kwa kuwa hakuna duka lingine lililokubali kumpokea hata mmoja wa watu wetu.

Mimi sikuvumilia. Nilingoja Jumamosi, duka lilipojaa wake wa watumishi wa serikali, nikamsogeza Yona kwenye gunia la karanga na kumwambia, "Kaka, chambua." Akachambua. Alizipanga mbovu juu ya kaunta, moja moja, nyeusi, zenye ukungu, duka zima likimtazama. Mwanamke mmoja akarudisha mfuko wake. Kisha mwingine. Nikamkazia Lameki macho hadi akainama. Utamu niliousikia siku ile sijausikia tena.

Yona alifukuzwa siku hiyohiyo. Mwezi mzima alikuja bandani na shati lake jeupe, akiniuliza, "Leo tunaenda?" Hilo sikuwa nimelifikiria, na ndilo ninalolijutia. Ya Lameki, hapana.

Siku hizi watu kama Yona wanatajwa kwa heshima katika hotuba, na wanaosema zezeta hushusha sauti kwanza. Mwaka jana nilimkuta Lameki msibani, mzee wa mkongojo, watu wakipita mmoja mmoja kumwamkia. Akaninyooshea mkono, akisubiri shikamoo. Mkono nilimpa. Shikamoo sikumpa.