Mkono wa Mama Kinywani mwa Mbwa

Mbwa wetu alianza kukohoa asubuhi moja ya kiangazi, wakati vumbi la Bunia limetanda hadi kwenye majani ya migomba. Alinyoosha shingo, akakohoa kikohozi kikavu kama mlio wa bata, kisha akatema povu jeupe. Mama alidhani amekwamwa na mfupa. Kabla sijasema neno, alishamfumbua taya na kuingiza vidole hadi kooni. Hakukuta kitu. Alipoutoa mkono, kidole kilikuwa na mkwaruzo wa jino, na damu kidogo.

Jirani yetu, mwanamke aliyekimbia vita vya Djugu na kupanga chumba uani kwetu, alitua ndoo yake.

"Mama, uliingiza mukono mu kinywa ya ile imbwa?"

"Nilitafuta mufupa."

"Kule kwetu, imbwa ya kichaa njo inafanya vile. Unazani mufupa, kumbe hapana."

Kichaa cha mbwa kikishaanza kumsumbua mtu, huyaogopa hata maji, na haponi. Nilimvuta mama hadi kwenye bidoni la maji, nikamwosha kidole kwa maji na sabuni, nikarudia na kurudia mpaka ngozi ikakunjamana. Alinicheka, lakini hakuuondoa mkono.

Nilimwita daktari wa mifugo, nikamweleza na habari ya mkwaruzo wa mama. Alisimama mbali kwanza, akimtazama mbwa akinywa maji.

"Alipata chanjo ya kichaa?"

"Ndiyo, dokta. Mwaka jana."

"Kuko imbwa ingine inakohoa hapa?"

Nikakumbuka mbwa wa buchani, anakoshinda wetu kila siku. Nikamwambia kwamba wote walikuwa wanakohoa.

"Basi haionekane kichaa. Ni kikohozi ya imbwa, wanaambukizana. Lakini mama aende ku santé leo leo, wamudunge chanjo. Mambo ya kichaa haiko ya kubahatisha."

Nilimwonyesha parasetamoli niliyotaka kumpa mbwa. Akaninyang'anya.

"Hapana! Dawa ya watu inaweza kumuua. Mutoshe ile kamba mu shingo, inamukaza koo. Mumuweke mbali na moshi ya makala ya jiko na mbali na imbwa zingine. Akikatala kula, ao akianza kuhema mbio, muniite bila kukawia. Pale ugonjwa itakuwa imefika mu mapafu."

Mama alianza sindano za chanjo siku hiyohiyo. Mimi nikawa mlinzi wa bakuli la maji. Mbwa akichelewa kuamka, nilimtikisa; akiramba maji, nilirudi kwenye kazi zangu. Kisha tukasikia kwamba mtoto wa mbwa kule buchani aligoma kula, akahema kwa tumbo, akafa. Siku hiyo nilikaa kando ya bakuli la mbwa wetu hadi usiku.

Wetu aliendelea kula. Kikohozi kilipungua polepole, kikabaki cha asubuhi tu, kisha kikaisha. Mama alimaliza sindano zake bila kukosa hata moja. Hata hivyo, kwa miezi mingi, kila aliposema kichwa kinamuuma, nilimletea maji ili nione kama atayanywa.